Usihesabu Milango, Hesabu Vyungu

Ndugu yangu unayeingia katika kazi hii ya kusaidia familia za kando ya mto na za mtaani mafuriko yanapofika, anza na orodha. Iandike Februari, kabla ya masika, watu wakiwa bado na subira ya kukujibu.

Mwaka 2024, Mto Mathare wa Nairobi ulipofurika, tuliwapokea watu darasani tukiwa na orodha tuliyopewa na wenye ploti. Mama mmoja alikuwa ameanika kitambulisho na kadi ya kliniki dirishani, akizipangusa tope kwa pindo la leso. Jina lake halikuwamo. Alikuwa akilala na wanawe wawili nyuma ya pazia, chumbani kwa shoga yake, na mwenye ploti alimjua anayelipa kodi tu. Tukatoa mablanketi mawili kwa kila mlango. Mlango ule ulikuwa na watu saba. Kosa lilikuwa letu, na bado linaniuma.

Kwa hiyo uliza nani anakula chungu kimoja na nani, na nani amekaribishwa tu. Uliza pia laini ya M-Pesa ni ya nani. Serikali ilipotangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa kando ya mito mwaka huo, niliona watu wa chumba kimoja wakigombana kwa sababu hiyo hiyo.

Anayetumia dawa kila siku, za TB, kisukari au ARV, mwandike "anahitaji dawa", basi. Jina la ugonjwa lisikae kwenye karatasi itakayosomwa kwa sauti uwanjani.

Wanaosahaulika kabisa ni wa chini ya madaraja. Sensa ya 2018 ilihesabu zaidi ya watu 15,000 wa mtaani Nairobi, lakini ukifika saa nne asubuhi huwakuti; wametoka kuokota plastiki na vyuma. Nenda alfajiri, umsalimu kwanza kiongozi wa besi, yaani maskani yao, na usimwite mtu chokoraa. Wao ndio watakaokuonyesha maji yanapoanzia kupanda.

Maji yakishuka, wahisani huondoka upesi. Anayetafuta chumba anadaiwa kodi ya mwezi na depoziti juu yake, na sare za watoto zilienda na maji. Piga simu mwezi wa pili baada ya mafuriko, na wa tatu. Yule mama nilimkuta mwezi huo wa tatu nyuma ya pazia lingine. Chumba chake mwenyewe alikipata Agosti.