Cherehani imekuwa nzito, na kuna kipini kimebaki mezani

SWALI: Shikamoo fundi. Mama ameniachia cherehani ya Butterfly ya kukanyaga. Ilikuwa inalia, jirani akasema nitie mafuta ya alizeti. Mwanzoni ikaenda vizuri, sasa gurudumu nalisukuma kwa mikono miwili. Nilifungua pia kikazio cha uzi nikisafishe. Nimekirudisha lakini kuna kipini chembamba kimebaki. Ninunue kikazio kipya? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu. Hicho kipini kinaingia kwenye tundu katikati ya ile skrubu iliyopasuliwa, kabla ya wosha yenye ulimi, springi na nati. Ndicho kinachoachanisha visahani viwili unapoinua mguu wa mashine unaobana nguo. Bila hicho utavuta nguo, uzi ugome, na sindano ipinde. Visahani vyenyewe vigusane migongo. Siku nyingine kila unachochomoa kitunge kwenye waya kwa mpangilio ule ule, kama mishikaki. Vingine mimi naweka kwenye trei ya mayai. Ile skrubu ndogo ya kikopo cha bobini ikishaanguka mchangani, sumaku ya spika mbovu tu ndiyo itakuokoa.

Sasa hiyo alizeti. Haipiti wiki sijaletewa mashine ya namna hii, na kila mteja ananiambia, "Si mafuta ni mafuta tu?" Si kweli! Nenda kwa muuza chipsi, pitisha kidole kwenye ukingo wa nje wa karai lake. Ile gundi ya kahawia ndiyo iliyoko ndani ya cherehani ya mama yako. Mafuta ya kupikia yakikaa na hewa hukauka yakanata. Ya nazi yana lake: huganda kwenye nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai hapa Dar zinashuka chini ya hapo.

Kuongeza mafuta juu ya gundi hakusaidii. Vua mkanda, fungua madirisha, kaa mbali na jiko. Dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila panaposuguana, zungusha gurudumu kwa mkono, futa uchafu unaotoka, rudia. Inaweza kuchukua siku mbili. Ikilainika na kukauka, tia mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja moja. Usiishie kwenye mafuta ya taa, maana chuma kikibaki kikavu kwa hewa yetu ya chumvi, kutu haichelewi.

Wanaonikera zaidi ni mafundi wa kupuliza. Anakuja na kopo la WD-40, pyuu pyuu, gurudumu linateleza, anachukua hela yake. Dawa ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu. Inalegeza, sikatai, lakini sehemu kubwa inavukia, na mafuta kidogo yaliyokuwemo inayaosha. Baada ya muda chuma kinasaga chuma, naye ameshahama mtaa. Fundi akianza kupuliza kabla hajailaza mashine akaangalia chini kuna nini, mwambie aiache, uiondoe.