Anza na sikio, darubini itakuja

Karibu mwaka mzima nilimtafuta ndege mmoja kwenye mwembe wa jirani, hapa Morogoro. Kila alfajiri nilimsikia: filimbi nzito mbili tatu, halafu mkwaruzo, mfululizo. Siku nilipobahatika kumwona, mgongo mweusi tii, kifua cheupe, alifungua mdomo ikatoka filimbi peke yake. Mkwaruzo ulitokea upande wa pili wa mti. Kumbe ni wawili, dume na jike, wanapokezana bila kuacha hata mwanya. Ndiye tiva huyo.

Tangu hapo, anayeniuliza aanzie wapi kutazama ndege namwambia aanze na sikio, tena aanzie nyumbani. Watu hupanda milima ya Uluguru kumtafuta chozi wa Loveridge, ndege mdogo mnyonya maua ambaye hapatikani kwingine duniani, na chozi wa uani kwao hawamjui. Wazoee kwanza shore, tetere, mnana na kunguru hadi uwachoke. Hao ndio kipimo chako. Akitokea mgeni, jiulize: anamzidi shore? Anamfikia tetere? Mdomo wake ni mnene wa kupasulia mbegu, au mwembamba uliopinda wa kunyonyea maua? Anatembea au anarukaruka? Rangi iache mwisho, maana inadanganya. Kwera dume anawaka mwekundu majira ya kuzaliana. Yakipita anageuka kahawia kama jike wake. Hao wa kahawia mimi nawaachia wenye subira.

Mlio uandike kwa maneno yako, hata kama ni ya kuchekesha. Kwenye daftari langu dudumizi ni "maji yanamiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba", na bibi yangu alikuwa akimsikia tu anaanua nguo, eti anaita mvua. Maelezo kama hayo hukaa kichwani kuliko rekodi ya simu. Na simu hiyo usiitumie kumchezea ndege mlio wake ili ajitokeze. Anadhani kaingiliwa eneo lake, anaacha kiota aje kugombana na spika yako.

Kuhusu darubini, nilitupa hela kwa 20x50 nikidhani kubwa ndiyo bora. Nzito, mikono inatetemeka, na hadi umpate ndege kwenye lenzi keshaondoka. 8x42 inatosha kabisa: inakuza mara 8, na lenzi yake ya milimita 42 inaingiza mwanga wa kutosha hata asubuhi mapema.

Muda mzuri ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Usizungukezunguke, keti mahali pamoja dakika 20, watakuzoea. Jana niliketi hivyo uani, juu ya ndoo niliyoipindua. Tiva akapiga filimbi, mwenzake hakujibu. Akapiga tena. Chai yangu ilipoa mkononi kabla mkwaruzo haujasikika, mbali, kwenye mipapai ya nyuma.