Anza na His Girl Friday

Wiki hii mmeuliza: mtu asiyewahi kutazama vichekesho vya mapenzi vya Hollywood, vile vya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, aanze na filamu ipi? Jibu langu ni His Girl Friday ya Howard Hawks, ya mwaka 1940.

Wengi humpa mgeni Bringing Up Baby (1938), ya Hawks huyohuyo, naye huchoka kabla haijafika nusu. Humo kila mtu ana wazimu wake, kuanzia mtaalamu wa mifupa ya dinosaria hadi konstebo wa kijijini. Hakuna hata mmoja aliyetulia ambaye mtazamaji angepimia vituko vya wenzake. Hawks mwenyewe alikuja kukiri kwamba hapo ndipo alipokosea.

His Girl Friday ina Bruce. Huyu (Ralph Bellamy) ni muuza bima wa Albany, mpole, haachi mwavuli wake. Anataka kumwoa Hildy Johnson (Rosalind Russell), mwandishi hodari wa magazeti, na waondoke kwa treni siku hiyohiyo. Mhariri Walter Burns (Cary Grant), mtalaka wa Hildy, ana saa chache tu za kumzuia, na chambo chake ni habari ya mfungwa anayesubiri kunyongwa. Katika The Front Page, tamthilia ya mwaka 1928 ya Ben Hecht na Charles MacArthur ambayo ndiyo asili ya filamu hii, Hildy ni mwanamume. Alipogeuzwa mwanamke, tena mtalaka wa bosi wake, kila amri ya kazi ikawa pia posa.

Utamu wenyewe umo katika kudakiana maneno, na ule si ubishi wa ovyo, umepangwa. Mwanzoni na mwishoni mwa sentensi huwekwa maneno yasiyo na uzito, na kiini hukaa katikati. Chukua mfano huu: "Sikiliza, nakwambia, treni inaondoka saa kumi, umenisikia?" Mwenzako akikukatiza kwenye "umenisikia", au ukiwa umeanza yeye hajamaliza yake, habari ya treni bado imefika. Ndiyo maana watu wawili wanasema kwa pamoja nawe hupotezi uzi. Waigizaji wanaoiga kasi bila hayo maneno mepesi ya mwanzoni na mwishoni huishia kupiga kelele tu.

Kwa hiyo sauti ndiyo ya kuangalia kwanza. Hakimiliki ya filamu hii haikuongezwa muda, hivyo nakala mbovu zimezagaa. Ijaribu kwenye mazungumzo ya kwanza ofisini kwa Walter: kama sauti mbili zikigongana zinakuwa mvumo mmoja, iache, tafuta nakala iliyosafishwa. Maandishi ya tafsiri nayo hayawezi kufuata midomo miwili kwa wakati mmoja. Ukiyahitaji, itazame sehemu ya mgahawani mara mbili: mara ya kwanza soma, mara ya pili mtazame Hildy. Anajua hila ya Walter kabla haijatamkwa, na usoni mwake unaona inaanza kumpendeza. Bruce yuko hapohapo mezani, haoni kitu.

Usishtuke kicheko kikikatika ghafla Mollie Malloy, mwanamke anayemtetea yule mfungwa, anapojirusha dirishani. Wapo wanaoiona sehemu hiyo kama doa. Mimi naiona ya lazima, kwa sababu bila hiyo tungesahau kwamba wale waandishi wanaotuchekesha wanauza uchungu wa watu.

Filamu ina dakika 92 tu. Ukishaizoea kasi yake, nenda kwenye The Awful Truth (1937), iliyompa Leo McCarey Oscar ya uongozaji: Grant na Bellamy wamo tena, safari hii na Irene Dunne, na mwendo ni wa taratibu zaidi. Kisha The Lady Eve (1941) ya Preston Sturges, umwone Barbara Stanwyck akimchezea Henry Fonda. Bringing Up Baby iwe ya nne, na chui wake utamfurahia.