Re: Mpiga picha wa saa moja Mji Mkongwe, inatosha?
Ndugu, umeuliza kama saa moja inatosha kupigwa picha na mkeo Mji Mkongwe, Zanzibar. Inatosha kabisa, mradi muende asubuhi. Saa 12:30 vichochoro bado vitupu, jua linaingia kwa ubavu, na nakshi za milango zinajitokeza vizuri, hata vile vifundo vya shaba unaviona kimoja kimoja. Ikifika saa 4 vivuli ni vikali na pikipiki zimejaa njiani. Jioni bustani ya Forodhani, pale ufukweni, pazuri sana, ila watu tele.

Mpiga picha mpate kabla hujasafiri, na mwandikiane: picha ngapi zitasafishwa, utazipata lini, kianzio ni kiasi gani. Mwambie akuonyeshe kazi nzima ya mteja mmoja, maana zile za Instagram kila mtu huchagua bora tu. Beit-el-Ajaib, lile jumba la kihistoria, usiitegemee kwa picha, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Badala yake kuna Ngome Kongwe, iko jirani tu.

Mabega na magoti yafunikeni, tafadhali. Na mkiona mtu amekaa barazani kwake, msalimieni na mwombeni ruhusa kwanza kabla kamera haijainuliwa.