Fizi Zilizosinyaa: Je, Tundu Dogo Linatosha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 41. Fizi za chonge zangu mbili za juu zimesinyaa hata mizizi imeanza kuonekana, na ninywapo maji baridi hupata maumivu makali ya ghafla. Nimesikia kwamba siku hizi fizi hurudishwa mahali pake kwa kutoboa tundu dogo tu, bila kukatwa nyama ya kaakaa wala kushonwa. Je, ni kweli, na itanifaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ni kweli. Njia hiyo ilibuniwa na Dkt. John Chao wa California, Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 2012. Baada ya kukutia ganzi, daktari hutoboa tundu la milimita 2 au 3 juu ya fizi, huingiza vifaa vyembamba vilivyopinda, huilegeza fizi kutoka kwenye mfupa na kuitelezesha hadi ifunike mzizi, kisha hupenyeza vipande vya kolajeni (protini inayoshikamanisha nyama za mwili) ili viishikilie mpaka ipone. Meno kadhaa huweza kutibiwa kwa mara moja, na mgonjwa huepukana na kidonda cha kaakaa, ambacho hutaabisha wengi wanaopandikiziwa kwenye fizi nyama iliyokatwa kaakaani.

Hata hivyo, matokeo hayaamuliwi na udogo wa tundu, bali na mfupa ulio kati ya jino na jino. Ikiwa mfupa huo ni mzima, na fizi zilisinyaa kwa sababu ya kupiga mswaki kwa nguvu, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ikiwa mfupa huo umekwisha kuliwa na ugonjwa wa fizi, hakuna upasuaji, mdogo wala mkubwa, unaoweza kutegemewa kuufunika mzizi kikamilifu. Tena, njia hii husogeza fizi iliyopo, kwa hiyo mwenye fizi nyembamba sana huenda akafaidika zaidi na kupandikiziwa, tiba yenye ushahidi wa miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo nakusihi uanze kwa kupimwa fizi, kupigwa eksirei na kuondolewa ukoga mgumu, utumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, na kama unavuta sigara, uache kwanza, maana tumbaku huchelewesha kupona. Maumivu yakitulia na fizi zisiendelee kusinyaa, huenda usihitaji upasuaji wowote. Ukifanyiwa, usipige mswaki mahali hapo mpaka daktari akuruhusu, wala usiinue mdomo kutazama kidonda, kwa kuwa mvuto huo unaweza kuiondoa fizi mahali ilipowekwa.