Kondoo wa kauri na nanga yake ya dhahabu

SWALI: Naishi Leicester. Nimenunua kondoo mdogo wa kauri aliyelala kwenye kitako chenye maua. Nyuma amechorwa nanga ya dhahabu, karibu sentimita moja. Muuzaji kasema ni kazi ya kiwanda cha Chelsea, London, ya miaka ya 1760. Rafiki kanishauri nikwaruze chini kwa tupa nihakikishe. Nifanyeje?

JIBU: Tupa irudishe sandukuni, dada yangu. Ni kweli kauri laini (inayochomwa kwa joto dogo kuliko kauri ngumu) ya Waingereza wa karne ya 18, ikiwemo ya Chelsea, hukwaruzika, lakini mkwaruzo hautakutajia kiwanda, na haufutiki. Wanaoeneza ujanja huo hawalipii hasara.

Hiyo nanga ndiyo inayonitia shaka. Kiwanda cha Chelsea, chini ya Nicholas Sprimont, kilianza na alama ya pembetatu, kikaja na nanga ya kubandikwa, kisha nyekundu, mwisho ya dhahabu hadi 1769. Nanga zake za kuchora huwa za milimita chache tu, na kwenye sanamu utazitafuta nyuma karibu na kitako. Sanamu nyingi za kweli hazina alama yoyote. Samson wa Paris, aliyeanza mwaka 1845, alinakili Chelsea na viwanda vingine kwa kauri ngumu, na nanga za dhahabu za wanaonakili mara nyingi huwa kubwa, za kujionyesha. Yeyote mwenye brashi anaweza kuchora nanga! Bado watu wananiletea picha ya alama peke yake, mnyama mwenyewe hayumo, wakitaka bei.

Soma udongo. Tafuta palipomeguka, labda ncha ya jani: kauri laini huonyesha chembechembe kama sukari, ngumu humeguka pang'avu. Tazama mikunjo ya manyoya; kwenye kauri laini ng'ao, yaani utando wa kioo unaofunika kauri, hutuama humo ukawa mzito. Ukikuta chini mabaka matatu au manne ya weusiweusi, yaliyoachwa na vidonge vya udongo alivyosimamia tanurini, fikiria Derby, kiwanda kingine cha Waingereza.

Hata akiwa wa kale, chunguza masikio na maua: hutengenezwa upya yakapakwa rangi, na muuzaji hasemi. Anayekadiria thamani huku akitaka kununua yeye mwenyewe, usimsikilize, wala usimlipe. Ukifika London, panda ghorofa ya juu ya Victoria and Albert Museum, kiingilio ni bure, uone nanga za kweli zilivyo ndogo kabla hujamrudia muuzaji wako.