Wasomaji Wauliza: Binamu wa Malkia na Fedha za Opera

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Lord Harewood, binamu wa marehemu Malkia Elizabeth wa Pili, aliwahi kuongoza kampuni ya opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) iliyoendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Je, hakupewa cheo hicho kwa sababu ya ukoo wake tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ukoo ulimsaidia, na si haki kulificha jambo hilo. George Lascelles, Earl (cheo cha kimwinyi cha Uingereza) wa saba wa Harewood (1923–2011), alikuwa mjukuu wa Mfalme George wa Tano, na mtu wa nasaba hiyo hakosi kusikilizwa anapobisha hodi. Hata hivyo, alikuwa ameanza kujulikana kwa kazi yake mwenyewe mwaka 1950, alipoanzisha jarida la Opera na kulihariri, kabla ya kuingia katika utawala wa jumba la opera la Covent Garden jijini London. Kuanzia mwaka 1961 hadi 1965 aliongoza Tamasha la Edinburgh, tamasha la sanaa huko Scotland, kazi inayomtaka mtu ajue bei ya waimbaji na ratiba zao kama anavyojua muziki wenyewe.

Tena, alipokabidhiwa Sadler's Wells Opera, ndiyo kampuni uliyoitaja, mwaka 1972, jina lake halikuwa la kujivunia sana kwenye kasri, kwani miaka mitano nyuma alikuwa ametalikiwa na kuoa tena, na ndoa hiyo ya pili ilihitaji idhini ya Malkia kwa mujibu wa sheria ya ndoa za ukoo wa kifalme ya mwaka 1772. Kama bodi ilitafuta pambo la kifalme, ilichagua vibaya.

Kuhusu fedha, ruzuku ilitoka Hazina kupitia Baraza la Sanaa, lililopewa hati ya kifalme mwaka 1946 ili waziri asiwe mwenye kuamua kinachoonyeshwa jukwaani. Mkurugenzi aliwajibika kwa bodi yake, na alipaswa kujaza viti zaidi ya 2,300 vya jumba la Coliseum la London, ambako kampuni ilikuwa imehamia mwaka 1968. Harewood aliendeleza desturi ya kuimba kwa Kiingereza badala ya Kiitaliano au Kijerumani, ili mlipa kodi wa kawaida aelewe kinachosemwa, na mwaka 1974 kampuni ikaitwa English National Opera.

Kwa maoni yetu, jambo lake kubwa zaidi halikufanyika London. Mwaka 1978 kampuni ilifungua tawi Leeds, karibu na makazi ya ukoo wake huko Yorkshire, na tawi hilo likajitegemea mwaka 1981 kwa jina la Opera North. Mji huo alikwisha kuuzoea kwa njia nyingine pia: alikuwa rais wa klabu ya Leeds United, na aliongoza Chama cha Soka cha England tangu 1963 hadi 1972, kipindi ambacho timu ya taifa ilitwaa Kombe la Dunia.